Anakusikia, wewe humsikii: anza na ruta

Dada, unasema simu ya intaneti hapo kwenu Kondele inaita na kupokelewa vizuri, kaka yako aliye Nakuru anakusikia, ila kwako ni kimya tu. Usinunue kifaa kingine bado. Unganisha simu hiyo kwa hotspoti ya simu ya mkononi, umpigie tena. Ukimsikia, yaelekea kosa liko kwenye ruta, kile kifaa kinachokugawia intaneti nyumbani.

Kuita na sauti havipiti mlango mmoja. Kuita hutumia SIP, lugha ya kuanzisha na kukata simu, mara nyingi kwa poti (mlango wenye namba) 5060. Sauti husafiri kivyake kwa RTP, utaratibu wa kubeba sauti, kupitia poti nyingine za UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri jibu kwamba imefika. Sasa simu yako ikimwambia mwenzake "niletee sauti 192.168.1.20", hiyo ni anwani ya ndani ya nyumba, huko nje haifiki popote. Ni kama kumwambia mgeni "njoo chumba cha pili" bila kumtajia jengo.

Ingia kwenye ruta, tafuta SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha anwani zilizo ndani ya ujumbe wa SIP, uizime, kisha uzime na kuwasha ruta na simu. Eti kazi yake ni kusaidia! Mimi huishuku yenyewe kwanza, maana mara nyingi huvuruga hizo anwani.

Bado? Angalia kama una ruta mbili, ya kampuni ya intaneti na uliyojinunulia. Hiyo yako iache isambaze waifai tu, isigawe anwani. Halafu kwenye mipangilio ya simu washa STUN, inayoisaidia simu kuijua anwani yake ya nje. Ikishindikana, piga kwa kampuni ya hiyo simu ya intaneti uulize kama seva yao inaweza kupitisha sauti yenyewe.