Ukija Cévennes kusomea misitu, anza na mito

Wadogo zangu mnaokuja kusini mwa Ufaransa kwa mafunzo ya misitu au maji, mkifika Cévennes mwezi wa Agosti mtaukuta mto Gardon umekonda, mawe yake yanaanikwa juani. Msiuamini mto wa siku hiyo. Ikifika Septemba, hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Mediterania huja ikagonga milima hii, ikalazimika kupanda na kupoa, na mvua ikamwagika palepale kwa saa nyingi. Septemba 8 na 9, 2002, mji mdogo wa Anduze ulipata karibu milimita 700 ndani ya saa 24 hivi. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha katika eneo lile.

Kwa hiyo kabla ya kushuka mtoni kupima chochote, fungua Vigicrues, huduma ya serikali inayotoa tahadhari za mafuriko kwa rangi, kuanzia kijani hadi nyekundu. Tena tazama juu mlimani, usitazame anga ya kichwani kwako tu. Jua linaweza kukuwakia huku chanzo cha mto kinapigwa na mvua kubwa, na mabonde haya ni mafupi na yana mteremko mkali. Msimamizi wako akikuhimiza uvuke kwa kuwa kazi imechelewa, kataa. Nalisema hili kwa uzito wote.

Kisha pandeni Mont Aigoual, mita 1,567. Maji ya upande mmoja huteremka na mto Hérault hadi Mediterania. Ya upande mwingine huingia mto Tarn na kuishia Atlantiki. Msitu mtakaouona huko kwa sehemu kubwa umepandwa na watu. Katika karne ya 19 mlima ulikuwa umechakazwa kwa malisho na ukataji wa miti, udongo ukisombwa na mvua. Bwana misitu Georges Fabre ndiye aliyeongoza upandaji, na ili apate kusikilizwa alijenga hoja kwamba mchanga wa Aigoual ulikuwa ukijaza bandari ya Bordeaux, mbali kabisa kule magharibi. Mimi namheshimu sana. Hata hivyo, kila hekta iliyopandwa misonobari ilikuwa malisho ya kondoo wa mtu, basi ongeeni na wafugaji pia kabla ya kuandika ripoti.

Wala msiandike kwamba msitu huzuia mafuriko. Msitu hushika udongo na kupunguza kasi ya maji. Udongo ukishashiba, mvua kama ile ya 2002 hupita tu.

Chini zaidi kuna matuta ya mawe yaliyopangwa bila saruji, ambayo zamani yalibeba mashamba na miti ya chestinati. Wakazi wengi walihama, na kuta nyingi zinabomoka. Ukialikwa kusaidia kuukarabati mmoja, nenda hata kama kazi hiyo haiko kwenye ratiba ya masomo: ukiinua mawe yale utaona maji yanapitia wapi.