Kihawaii hakijifunzwi kwa simu peke yake

Watu wanaoniuliza kuhusu Kihawaii huanza na swali lile lile: programu gani ya simu ni nzuri? Duolingo inacho tangu 2018, na kwa kuzoea maneno ya mwanzo inafaa. Lakini mimi ninayeishi mji wa Hilo, Hawaii, na mwanangu akiwa Pūnana Leo, chekechea inayoendeshwa kwa Kihawaii, nakushauri uanze kwingine. Chagua wakati mmoja wa siku, mezani au wakati wa kumwogesha mtoto, ambao nyumbani kwenu hakisemwi kingine ila Kihawaii.

Lugha hii ilipotelea majumbani. Mwaka 1896, miaka mitatu baada ya Malkia Liliʻuokalani wa Hawaii kupinduliwa, sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shule zote. Watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao, na wazazi wengi wakaona heri wawafiche lugha hiyo kuliko kuwaona wanachapwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 inakadiriwa watoto waliokizungumza vizuri hawakufika 50. Ndipo wazazi na walimu wachache walipounda shirika la ʻAha Pūnana Leo mwaka 1983, na mwaka uliofuata wakafungua chekechea ya kwanza huko Kekaha, kisiwani Kauaʻi. Sheria ilikuwa bado haijawaruhusu kufundisha kwa Kihawaii, ilibadilishwa 1986. Nikifikiria ujasiri wao hadi leo nasisimka.

Katika chekechea hizi mzazi hamwachi mtoto mlangoni akaenda zake. Anahudhuria darasa la lugha, anatoa muda wake kufanya kazi za shule, na akishaingia ndani anasema Kihawaii, hata kama anachojua ni salamu tu. Huo ndio utaratibu nilioupeleka nyumbani. Tulianza na chakula cha jioni. *E holoi i nā lima*, nawa mikono. *Aia i hea ke puna?* Kijiko kiko wapi? *E ʻai kākou*, haya tule. Maneno hayo hayo yakirudiwa kila jioni, ulimi unayazoea, na mtoto anaanza kuuliza yeye. Usiongeze sentensi mpya mpaka za jana zitoke bila kufikiri.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji wake: irabu ni zile zile tano, na alfabeti yote ina herufi 13. Moja kati ya hizo ni ʻokina, yaani mkato wa pumzi kooni, na wengi huiruka. Usiiruke. *Kou hale* ni nyumba yako. *Koʻu hale* ni nyumba yangu. Pia utakuta umilikaji una njia mbili: *kaʻu keiki*, mwanangu, lakini *koʻu makuahine*, mama yangu. Mtoto umemleta wewe duniani, mama umemkuta. Aliyekulia kwenye ngeli hatatishika.

Jambo la heshima nalo nalisisitiza sana. Watu wa Niʻihau, kisiwa ambako Kihawaii hakikukatika, husema *t* mahali pengi ambapo vitabu vinaandika *k*: *tēia* badala ya *kēia*. Nimemsikia mwanafunzi akimrekebisha mzee kwa sababu hiyo, na niliumia. Hao ndio waliokilinda. Ukibahatika kukaa na mmoja wao, nyamaza, sikiliza, uliza akikuruhusu. Vivyo hivyo kwa nyimbo za kale na sala: usizichukue ukazirusha mitandaoni kabla mwalimu wako, *kumu*, hajakwambia zinaimbwa wapi na nani.

Kama uko mbali na visiwa na huna mzee wa kukaa naye, zipo sauti. Larry Kimura, mwalimu wa Kihawaii, alianza kipindi cha redio Ka Leo Hawaiʻi mwaka 1972, na kwa miaka mingi wazee waliozaliwa na lugha hii walisikika humo wakizungumzia uvuvi, ndoa, safari na michezo ya utotoni. Rekodi zimehifadhiwa Kaniʻāina, hazina ya sauti ya Chuo Kikuu cha Hawaii huko Hilo, na husikilizwa bure kwenye intaneti. Chukua kipande kifupi, kisikilize mpaka ukisemee pamoja na mzee, na pumzi yake uifuate. Magazeti ya Kihawaii, yaliyochapishwa tangu 1834, yaache kwanza. Utayarudia ukishaweza kuomba kijiko mezani bila kusita.