Kama unapenda kazi iwe safi kabisa, peleka faili ikiwa bado mbichi

Nafanya kazi ya kliaringi, yaani kutoa mizigo forodhani, hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda, na kama we ni wale wanaosoma invoisi mara nne nne kabla ya kugonga sabmiti basi tunajuana. Hii kazi inatupenda watu kama sisi. URA, watu wa kodi wa Uganda, hawataki mchezo, kwenye Asycuda, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, tarakimu moja ikienda kombo mzigo unakwama, kwa hiyo ukali wetu unasaidia sana tu, shida inaanzia pale mtu mwingine anapokuja kukosoa kitu tulichokwisha maliza.

Mimi zamani nilikuwa nakaa na faili mpaka nione haina pa kushika ndo nampelekea madam, sinia wetu, mama mmoja mpole ambaye hasomi bila kalamu mkononi. Kuna siku ya mzigo wa matairi akazungushia kilo kwenye pakingi listi, akazungushia na kilo kwenye bili ya meli, akasema, "Mwanangu, hizi mbili hazisalimiani." Basi. Hakufoka, na tena zile karatasi zilitoka hivyo hivyo kwa supplaya, lakini masikio yalinichemka nikaanza kueleza, nikaeleza weee, mpaka mama wa watu akaweka kalamu chini akaningoja nimalize.

Baadaye nikaja kusoma kuhusu wanasaikolojia wawili, Kluger na DeNisi, ambao mwaka 1996 walikusanya tafiti nyingi za hili jambo la kumwambia mtu kazi yake ikoje. Kwa wastani inasaidia, ila zaidi ya theluthi ya matokeo yalionyesha kazi ikishuka, na wao wanasema inaharibika pale akili inapotoka kwenye kazi ikahamia kwako mwenyewe, sijui wananionaje, sijui wanadhani sijui kazi. Nikasema haya ni mimi kabisa, na yale matairi.

Kwa hiyo siku hizi nikiambiwa kitu nakiandika hapo hapo kwenye kidaftari, na naandika kuhusu karatasi tu: "kilo, laini ya tatu, ulizia supplaya." Mtu haingii humo, si mimi si madam. Inaonekana kitu kidogo lakini mkono ukiwa unaandika mdomo unatulia, na we mwenyewe unajua mdomo wetu ndo huwa unatuponza.

Ila dawa kubwa ni kupeleka mapema, na hii najua itakuuma. Faili uliyolala nayo siku mbili ukiipeleka unataka kusifiwa, hutaki maoni, tuseme ukweli. Sasa mimi naipeleka ikiwa nusu na naomba kitu kimoja kinachojulikana, mfano "madam niangalizie hapa namba ya HS (ile namba ya forodha ya aina ya bidhaa), haya matairi ni mapya, 4011, au yalishatumika niweke 4012?" Akinirekebisha hapo hainiumi kwa sababu mimi ndo nimeuliza, halafu sijapoteza muda, maana huko bandarini Mombasa siku za kuweka mzigo bure zikiisha storeji inaanza kuhesabu na mteja ataanza kupiga simu.

Na siyo kila mwenye mdomo umsikilize jamani. Pale ofisini kuna kaka mmoja yeye kila faili lazima aseme kitu kuhusu jinsi ulivyotoboa karatasi, huyo namwambia asante kaka naendelea na yangu. Namsikiliza yule ambaye mzigo ukikwama na yeye ataulizwa.

Halafu kama umeambiwa jambo limekuchoma kweli kweli, usijibu palepale. Sema "sawa madam, nakuja nayo saa nane", toka nje, tafuta chai na chapati, ukirudi soma ulichoandika kwenye kidaftari na anza na ile laini ya kwanza.