Mtafute aliyekutangulia dripu tatu

Dada yangu uliyeanza tiba juzi, sitakueleza saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, ni nini. Daktari wako ataeleza vizuri kuliko mimi, na kama ni kama wangu atakuchorea na kijipicha nyuma ya karatasi ya vipimo. Mimi nataka tuzungumze habari ya watu: unawapata wapi, unawachagua vipi, na wapi pa kuwawekea mpaka. Nilichelewa kuwatafuta. Dripu mbili za mwanzo za tibakemikali nilizipitia peke yangu huku nyumba imejaa ndugu.

Usiku wa dripu ya kwanza sikulala kabisa. Sikuwa na maumivu. Nilikuwa macho kodo, uso unafuka moto, moyo unakwenda mbio, na ilipofika saa nane usiku nilikuwa nimeshateremsha vyombo vyote kabatini na kuvipanga upya. Mume wangu alisimama mlangoni kwa muda akaniuliza, taratibu sana, kama najisikia vizuri. Nikajua anachokifikiria. Nami nikaanza kukifikiria hicho hicho, kwamba ugonjwa umeshapanda kichwani.

Dripu ya tatu, kwenye benchi la kusubiri, nikamsimulia mama mmoja wa Mbagala aliyekuwa anafunga ya sita. Akacheka mpaka akashika mshono wake. "Deksa hiyo! Zile sindano wanazokuchoma kabla. Mimi usiku huo ndio nakanda maandazi ya wiki nzima." Ndivyo ilivyo. Kabla ya kuwekewa paklitakseli, mojawapo ya dawa za dripu yetu, wengi wetu hupewa deksamethazoni ili mwili usiikatae dawa, na deksa humnyima mtu usingizi. Inawezekana kabisa daktari aliniambia. Siku ile nilikuwa namtazama mdomo tu, maneno hayaingii.

Maelezo yalikuwepo, basi. Aliyekosekana ni mtu wa kunieleza kwa lugha ya maandazi.

Sisi watu wa Pwani jambo hili tulishalipatia ufumbuzi zamani, ila kwenye mambo mengine. Mwali hafundwi na mama yake mzazi. Mama anampenda mno, anamwonea haya, anamwonea huruma. Mwali anatafutiwa somo, mwanamke aliyeipita njia hiyo, atakayemwambia la wazi na la sirini bila kupepesa macho. Mgonjwa naye ni mwali. Mama yangu mimi alinipenda mpaka nikashindwa kumwambia kitu, maana kila nikifungua mdomo yeye analia, halafu mimi mwenye dripu ndiye ninayembembeleza.

Sasa, somo gani? Hapa wengi hukosea. Watu wema watakuletea shoga ya shangazi aliyepona miaka kumi iliyopita. Mpokee, mpe chai, ukimwona anavyotembea utapata nguvu. Lakini usimuulize habari za siku ya tatu, maana ameshasahau, kama mzazi anavyosahau uchungu. Na yule mliyeanza naye siku moja ni rafiki mzuri, ila hajui lolote usilolijua. Wa kumtafuta ni aliyekutangulia dripu mbili au tatu. Ratiba ya wengi wetu ni dripu 6 za paklitakseli na kaboplatini, kila baada ya siku 21. Wapo wanaopasuliwa kwanza, wapo wanaopata tatu, wakapasuliwa, wakamalizia tatu. Aliye kwenye ya nne wakati wewe uko kwenye ya kwanza, mkono wake bado una alama za kanyula, kile kimrija cha dripu, na kumbukumbu yake bado ni mbichi. Huyo ndiye atakayekwambia kwamba siku ya pili au ya tatu mifupa ya miguu itauma kama uliyepigwa, na kwamba itaachia. Kwamba dawa za kuzuia kutapika zinafunga choo, kwa hiyo papai lianze kabla ya dripu na si baada. Kwamba kijiko cha chuma kitakuwa na ladha ya msumari, ule kwa cha plastiki. Kwamba nywele hazitoki moja moja kama watu wanavyodhani. Zinakuja konzi zima, kwenye mto, wiki ya pili au ya tatu, hivyo heri ukanyolewe mapema na mtu unayempenda.

Kumpata si rahisi, nami nilidhani shida ni aibu yangu. Shida kubwa ni ratiba. Kwenye kliniki zetu za saratani, iwe Ocean Road, Bugando au KCMC, kina mama wengi utakaowakuta ni wa mlango wa kizazi na wa matiti. Wale wanaopigwa mionzi wanakuja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa. Wanajuana majina, wanapikiana, wanatumana dukani, wanagombana na kupatana. Sisi wa dripu tunaonana mara moja kwa siku 21. Na hata hiyo haina uhakika: chembe nyeupe za damu zikiwa chini unarudishwa nyumbani wiki nzima, ukirudi unakuta benchi lina sura mpya. Niliachana hivyo na dada mmoja wa Kibaha niliyempenda sana. Tulicheka asubuhi nzima, hatukupeana namba, damu yangu ikagoma mara moja tu, na sikumwona tena.

Kwa hiyo namba chukua siku hiyo hiyo, kabla sista hajaita jina lako.

Kama benchi halijakupa mtu, nenda kwa sista wa chumba cha dripu. Usimuulize, "Naomba namba ya mgonjwa wa ovari," kwa sababu atakataa, na ana haki ya kukataa, siri ya mgonjwa si ya kugawa. Mgeuzie swali. Andika jina lako na namba yako kwenye kikaratasi, mwambie: "Akija mama mwenye ugonjwa kama wangu aliyekaribia kumaliza, naomba umpe hii. Akitaka atanipigia." Afisa ustawi wa jamii naye mwachie kikaratasi. Mimi niliacha viwili. Kimoja sijui kiliishia wapi. Cha pili kilipigiwa simu baada ya siku tisa, na sauti ya upande wa pili haikuanza hata na salamu: "Wewe ndiye uliyeandika 'nisaidieni' kwa wino mwekundu?"

Uliza aina ya ugonjwa mapema, bila haya. Mwenzako akisema "kansa ya kizazi", inaweza kuwa ya mlango, ya mji wenyewe au ya ovari, na kila moja ina njia yake. Nilishawahi kukaa wiki nzima na hofu ya mionzi kwa sababu ya simulizi za mama mmoja mwema sana, kumbe tiba yangu haikuwa na mionzi hata kidogo.

Taratibu tukafika saba, tukafungua grupu la WhatsApp. Hapa ningependa uchukue makosa yetu bila kuyalipia.

Kosa la kwanza lilikuwa namba za CA-125. Ni kipimo cha damu, kikomo cha kawaida husomwa 35. Mmoja akatuma yake, ilikuwa zaidi ya 900. Mwingine akajibu kwa furaha, "Mimi 60!" Kuanzia hapo grupu likawa ubao wa matokeo ya mtihani. Aliye juu alinyamaza siku nne. Kumbe namba peke yake haisemi hivyo. Hata hedhi inaweza kuipandisha, na daktari anachofuatilia ni mwendo wa namba yako mwenyewe, dripu hadi dripu, pamoja na picha na hali yako. Tukakubaliana namba zibaki kati ya mtu na daktari wake. Anayetaka kulia kuhusu namba yake anapiga simu kwa mmoja anayemwamini.

La pili, majani ya mstafeli. Utatumiwa, hilo jiandae. Utatumiwa na unga wa mbegu, na maji ya kitu fulani kilichochemshwa usiku kucha, na sauti ya dakika kumi na moja ya mtu asiyejulikana anayesema hospitali zinaficha. Sisi tuliweka kanuni moja: kitu chochote cha kumeza kinapelekwa kwanza kwa daktari au mfamasia wa kliniki, maana kipo kinachosumbua ini na kipo kinachogombana na dripu. Aliyekataa kanuni alitoka mwenyewe, na hatukumsema. Karibu hatukumsema.

Homa nayo haiulizwi kwenye grupu. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu kinga iko chini kabisa. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na unawaambia mapokezi neno la kwanza kabisa kwamba uko kwenye tibakemikali. Mwenzetu mmoja aliandika "jamani nina joto" saa nne usiku, sote tukamtumia pole na maua. Asubuhi alikuwa amelazwa. Alipona, nashukuru, lakini maua yale hadi leo yananichoma.

Fedha sitazisema sana. Tulijaribu kuchangishana kama kikoba, ikaleta maneno. Sasa mwenye shida ya nauli anamwambia mtu mmoja, basi.

Kuna wakati grupu halitoshi. Ndani ya saba wetu alikuwepo binti wa miaka ishirini na nane, hana mtoto, kaondolewa ovari zote mbili pamoja na kizazi. Sisi wenye watoto tulimwambia yale yanayosemwa, Mungu mkubwa, la muhimu ni uhai. Yote kweli, na yote yalimpita pembeni. Alichohitaji ni binti mwingine, na tulimtafutia kwa kikaratasi kile kile, ikachukua miezi miwili. Wanayozungumza wawili hao sisi hatuyajui. Mambo ya chumbani pia, ukavu, joto linalokupanda ghafla katikati ya ibada kwa sababu hedhi imekatwa kwa kisu na si kwa umri: hayo utamwambia somo wako mmoja, ana kwa ana, si watu saba. Wala usiyamezee kwa daktari, kwa sababu mengine yana dawa.

Na watu watakufa. Afadhali nikwambie mimi kuliko ukutane nalo kama sisi, picha ya marehemu imetumwa saa kumi na mbili asubuhi na mtoto wake kwa simu ya mama yake mwenyewe, tukadhani ni yeye anaandika. Ugonjwa huu mara nyingi hugundulika umeshasambaa, kwa kuwa tumbo kujaa na kushiba haraka kila mtu hukwambia ni gesi. Mimi mwenyewe nilimeza dawa za vidonda vya tumbo miezi mitano kwenye zahanati ya jirani. Baada ya msiba ule tulikubaliana: habari inapelekwa kwanza kwa mtu mmoja, naye anapiga simu, mmoja mmoja, akianza na aliye dhaifu. Anayetaka kukaa kimya mwezi mzima anakaa, hafuatwi. Wawili walitoka. Mmoja alirudi.

Msaada mwingine upo, ila usiutegemee kalenda. Oktoba utaona mbio za saratani ya matiti, fulana za pinki hadi kwenye daladala. Siku ya Saratani ya Ovari Duniani ni tarehe 8 Mei, ilianza 2013, na mwaka jana siku hiyo tuliiadhimisha watatu, kwenye ngazi za kliniki, kwa kashata.

Nilipomaliza dripu ya sita nilidhani sitawahitaji tena. Wiki ya kwanza nyumbani ilikuwa ngumu kuliko zote. Watu waliacha kuja, kwa sababu "umepona". Vidole vya miguu bado vina ganzi, kila kichomi tumboni ni hukumu, na kliniki ni baada ya miezi mitatu. Mama wa Mbagala alikuwa amelijua hilo. Alinipigia siku ya kumi, hakuuliza hali. Aliuliza kama bado napanga vyombo.

Juzi sista amenipigia kuhusu kikaratasi, si changu. Ni cha mwanamke wa Tegeta anayeanza Jumanne. Nimemtumia ujumbe, akachukua siku mbili kujibu, halafu akaja na swali moja tu, avae nini. Nikamwambia dera, lile la mikono mipana linalopanda hadi begani, na aje na kanga ya kujifunika kwa sababu chumba kile kina baridi. Ameuliza kama na mimi nitakuwepo.

Nimemwambia nitafika saa moja na nusu, nitakaa benchi la pili kutoka mlangoni, upande wa feni.