Nilisikia mawimbi nikiwa na mtoto wa bosi mgongoni

Swali la wiki hii mmeuliza mawimbi ya ufeministi, yaani vipindi vya harakati za kudai haki za wanawake, yanatofautiana nini na yamemfaa vipi mwanamke wa kipato cha chini. Mi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, kabla ya hapo nilikuwa hausigeli miaka sita, na haya mambo niliyasikia hukohuko, maana mama bosi alikuwa mtu wa semina za jinsia, wenzie wakija wanakaa sebuleni wanaongea, la kwanza kura, la pili ajira na mwili, la tatu kwamba wanawake hatufanani, la nne la mitandaoni, lile la Me Too, wanawake kusimulia mtandaoni walivyonyanyaswa kingono, lilivuma 2017, na mimi naandaa chai huku mwanae yuko mgongoni. Mshahara alikuwa anachelewesha sana. Ila kuelezea alijua, hilo simnyimi.

Sasa hiyo kura. Uingereza 1918 walipewa wa miaka 30 kwenda juu, tena uwe na nyumba au pango la kiwango fulani, wewe au mumeo. Mabinti waliokuwa viwandani wanatengeneza mabomu vita nzima wengi wakaachwa, wakasubiri mpaka 1928.

La pili ndo linanichekesha. Betty Friedan, Mmarekani, 1963 aliandika kuhusu wanawake wanaochoka kukaa nyumbani. Jamani! Mama yangu Kongwa anaamka saa kumi alfajiri anafata maji, akirudi ni shamba la mtama, huko kukaa nyumbani atakujulia wapi? Baadaye 1984 bell hooks, mwandishi mweusi wa Marekani, akauliza, hao wakitoka kwenda kazini watoto na nyumba wanabaki na nani. Kwa yule mama walibaki na mimi.

Ila kuna kitu kwenye hilohilo la pili mi nakipenda mno na sebuleni sikuwahi kukisikia, nimekuja kukisoma mwenyewe kwenye simu. Dagenham, Uingereza, 1968, mafundi cherehani wanawake 187 wa kiwanda cha Ford, wanashona makava ya siti za magari. Kampuni ikawapanga daraja la wenye ujuzi mdogo, halafu ndani ya daraja hilohilo wanalipwa asilimia 85 ya anacholipwa mwanaume. Wakagoma wiki tatu, siti zikaisha, magari yakasimama! Wakapandishwa mpaka asilimia 92, na 1970 ikatoka sheria ya malipo sawa, kila mtu akapongeza. Lakini wao walichogomea hasa ni ujuzi wao utambulike, na hilo daraja hawakulipata mpaka wagome tena 1984. Miaka 16! Mtu akiniletea kitambaa akaniambia "hicho si kushona tu, nipunguzie" nawakumbuka wale wamama.

La tatu lina akili. Kimberlé Crenshaw, mwanasheria mweusi wa Marekani, 1989 alieleza kesi ya wanawake weusi na General Motors, watengeneza magari wa hukohuko, kampuni inasema wanawake tunaajiri (weupe, ofisini), weusi tunaajiri (wanaume, kiwandani), mahakama haikuona ubaguzi, mwanamke mweusi akabaki hana pa kusimama.

Na sisi tusijifanye mpaka tuletewe wimbi kwa meli, Dodoma kwenyewe bahari hatuna. Bibi Titi Mohamed 1955 aliingiza wanawake TANU kupitia vikundi vya ngoma, na wengi walikuwa wauza maandazi na wapika pombe, hakuna hata aliyeuliza hilo ni wimbi la ngapi.

Kwahiyo limenifaa nini? Sheria ya ajira ya 2004 inatoa likizo ya uzazi siku 84, ni jambo zuri, aliyeajiriwa akaidai. Mimi nimejiajiri, nilijifungua mwezi wa 11, msimu wa sare za shule umekaribia, siku ya 12 niko kwenye cherehani na kitovu cha mtoto ndo kwanza kimedondoka. Hapo sijaona wimbi lolote, nimeona shoga yangu wa kibanda cha pili ananishikia mtoto nimalizie oda.

Siku hizi anashikwa na binti mmoja wa Mpwapwa, ana miaka 19, nimemchukua mwaka huu. Jumapili anapumzika na mshahara sicheleweshi, maana nakumbuka. Mkataba wa maandishi sijampa bado, kila siku nasema kesho, na juzi tu nimeagiza chai sebuleni nina wageni, akaja nayo na mwanangu yuko mgongoni kwake.