Fundi, naweza kuvua tairi za ranifleti nikafunga za kawaida?

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari yangu niliinunua ikiwa na ranifleti, zile tairi zinazotembea hata zikiisha upepo. Sasa kashata (meno ya tairi) zimeisha na kiuno changu nacho kimeisha, maana hakuna shimo linalonipita. Nataka za kawaida lakini jamaa kaniambia rimu zitagoma na gari itayumba. Ni kweli? – Kiuno Kinauma

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Jamaa kakutisha tu, rimu hazigomi. Rimu za ranifleti huwa zina kituta kilichoinuka zaidi kwa ndani ili tairi isichomoke ikikosa upepo, na tairi ya kawaida inakaa hapohapo bila tatizo.

Ule ugumu unatoka ubavuni. Ubavu wa ranifleti umejazwa mpira mnene ili ubebe gari peke yake ukipata pancha, nyingi zinakupa kama kilomita 80 kwa spidi isiyozidi 80, sasa ubavu wa hivyo haulainiki kwenye shimo, kishindo chote unakipokea wewe. Ukibadilisha utasikia tofauti siku hiyohiyo. Kwenye kona utaiona gari imelegea kidogo kwa sababu springi na shokapu zilipangwa kwa tairi ngumu, ila huko sio kuyumba, utazoea.

Badilisha zote nne lakini. Mbele ranifleti nyuma kawaida hapana, utanikumbuka siku ya mvua kwenye kona. Saizi ibaki ileile, namba ya uzito na herufi ya spidi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi zisishuke chini ya zile gari inazotaka. Sensa za upepo mwambie fundi asizing'oe.

Sasa kitu ambacho jamaa yako hakukuambia. Fungua buti, inua kapeti. Magari mengi yaliyotoka kiwandani na ranifleti hayana spea wala jeki, mengine hata shimo la kuiweka hakuna, pamekaa betri. Yaani ukivua ranifleti umevua na spea yako, pancha ya usiku inakusimamisha palepale. Wengi wananunua kopo la gundi na kipampu cha kuchomeka kwenye gari, sawa, inasaidia msumari ukiingia kwenye kashata, lakini tairi ikichanika ubavuni hiyo gundi itamwagika chini yote na wewe unaangalia.

Mimi ningetafuta spea nyembamba kwanza ndo nifikirie tairi, hata kama italala ndani ya buti na mizigo (ifunge vizuri isirukeruke). Halafu usisubiri pancha, ijaribu nyumbani mchana, uone kama matundu ya boliti yanalingana, haigusi breki, na boliti zako zinaikaza, maana boliti za rimu ya aloi mara nyingine ni ndefu mno kwa rimu ya chuma.