Tangazo la Kifaa Halijui Paa Lako ni la Mabati

Kijana akija kwangu kujifunza kazi ya kurekodi hapa Kisumu, kabla hajavuta kiti huwa ameshauliza anunue nini. Ametazama video za uhakiki usiku kucha, namba za modeli anazijua kunishinda. Simkatazi kuzifuatilia, hata mimi nazifuatilia. Ninamwambia tu aangalie anayetoa maoni amekaa wapi. Yule jamaa anayesifia maikrofoni yuko ndani ya chumba kilichozibwa kuta zote na dari, stima yake haikatiki, na anarekodi mtu mmoja mwenye gitaa. Wewe uko kwa nyumba ya kupanga Manyatta, mabati juu, bodaboda mlangoni, na mteja wako ni kundi zima la ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo. Kifaa kinachomfaa yeye huenda kikakutesa wewe.

Programu ya kurekodia kwanza, maana ndiko kwenye ubishi. FL Studio utaikuta karibu kila studio ndogo kuanzia Kondele hadi Kakamega, na sina neno nayo. Ilianza Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na kampuni yake, Image-Line, ina utaratibu ambao wengine wameushindwa: ukishalipa mara moja, matoleo yote yanayofuata unayapata bure. Kwa mtu ambaye pesa yake huingia msimu wa harusi na matanga, hilo si jambo dogo. Lakini soma vizuri kabla hujalipa. Toleo la bei ya chini kabisa, Fruity Edition, halirekodi sauti. Biti utapiga, mwimbaji akija huna pa kumweka. Anayetaka kurekodi watu aanzie Producer Edition. Lile la majaribio nalo linakuruhusu kuhifadhi mradi, ila halitakufungulia tena mpaka ulinunue. Hilo wengi hulijua siku mteja anaporudi kutaka ubeti wa pili ubadilishwe. Kama bado uko kwenye majaribio, toa kila ala peke yake kama faili la WAV kabla hujafunga kompyuta.

Kurekodi watu mimi natumia Reaper. Sura yake haivutii, hilo nakubali. Ilitoka 2006, kazi ya Justin Frankel, yuleyule aliyetuletea Winamp, ile programu ya kuchezea muziki. Unapewa siku 60 za kuijaribu bila kufungiwa kitu, kisha leseni ndogo ni dola 60, kwa mtu binafsi au biashara isiyoingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Studio ya Nyalenda ikivuka hapo, nitakuja tusherehekee. Faili lake la kusakinisha ni dogo, halimalizi bando, na laptopu kuukuu inaibeba bila kulalamika.

Zile programu za wizi zinazozunguka kwa flashi sitazisemea sana. Ukiona maagizo ya kwanza ni uzime antivairasi, fikiri nani anafunguliwa mlango.

Habari nyingine ya kufuatilia kwa makini ni malipo ya kila mwezi. Machi 2023 kampuni ya Waves, inayouza plagini, yaani vifaa vya ziada vya kuongeza ndani ya programu, ilitangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu, ni kujiandikisha tu. Wateja walipiga kelele, na baada ya siku chache ikarudisha uuzaji wa zamani. Somo ninalolichukua hapo ni la mfukoni: kabla hujajenga kazi yako juu ya plagini fulani, jiulize mradi wa mwaka jana utafunguka vipi mwezi ambao hukulipa. Plagini zinazokuja na programu yenyewe, yaani ikwalaiza ya kupunguza au kuongeza besi na sauti kali, kompresa ya kusawazisha kelele na unyonge, na rivabu ya mwangwi, zinatosha kazi nyingi sana. Mteja wa Siaya hajawahi kuuliza kompresa ni ya nani.

Sasa kuna hii ya akili bandia kuutenganisha wimbo uliokwisha kuchanganywa. FL Studio iliiweka katika toleo la 21.2 mwaka 2023, Logic Pro ya Apple ikafuata 2024. Nimeipenda, lakini ujue ile ya FL Studio inagawa nini: sauti ya mwimbaji, ngoma, besi, na vilivyobaki. Weka benga, muziki wetu wa gitaa, ndani yake uone. Gitaa zote zinazojibizana hurushwa pamoja kwenye kapu la vilivyobaki, wakati utamu wa benga uko kwenye huko kujibizana. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, huishia humo pia, na pete ya chuma anayoigongesha mpigaji kwa mguu mara nyingine huhesabiwa kuwa ngoma. Kwa kujifunzia mstari wa besi wa wimbo wa zamani ni chombo kizuri. Kuuza wimbo wa mtu uliomchomoa sauti ni kesi nyingine, na haki za mwenye wimbo hazipotei kwa sababu kompyuta imeukata vipande.

Twende kwenye intafesi, kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Mgeni akiinunua huuliza ina matundu mangapi, ilhali kitakachomsumbua ni ucheleweshaji. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kidogo kwenye bafa kabla ya kuishughulikia. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bafa ikiwa 512, hapo pekee kuna karibu milisekunde 12, na sauti inapita kuingia na kutoka. Mwimbaji atasema “najisikia nyuma,” mpiga ngoma atapoteza mkono. Shusha bafa hadi 128, inakuwa kama milisekunde 3, urekodi hivyo. Ukifika kwenye kumiksi, yaani kuchanganya sauti zote, ipandishe hata 1024 ili laptopu ipumue. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, programu ndogo inayopunguza ucheleweshaji, iliyotoka na intafesi yenyewe. Intafesi kama Focusrite Scarlett pia zina swichi ya kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Iwashe hiyo, uzime sauti yake ndani ya programu, la sivyo atajisikia mara mbili.

Chagua intafesi inayokula umeme kupitia kebo ya USB. Stima ikipotea katikati ya ubeti, laptopu inaendelea kwa betri na intafesi inaendelea nayo. Yenye adapta yake ya ukutani itakuzimikia hapohapo.

Kuhusu maikrofoni nina ubishi na wahakiki wengi. Wanamsukuma mgeni anunue kondensa, ile inayohitaji volti 48. Ni nzuri, na kwa sababu ni nzuri inasikia kila kitu: kuku, feni, jirani anayekaanga omena. Chini ya mabati nunua dainamiki, ile isiyohitaji volti hizo na isiyo nyepesi kunasa kelele za mbali. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na bado inafanya kazi yake, mradi uipate halisi, maana bandia zake zimejaa. Mwimbaji asogee karibu, vidole vitatu hivi kutoka kwenye wavu, uelekeze mgongo wa maikrofoni kule kelele inakotoka. SM7B unayoiona kwenye kila podikasti nayo ni dainamiki, lakini inataka kukuzwa kiasi cha desibeli 60, na intafesi ndogo za zamani zikifika huko huanza kutoa mvumo.

Trei za mayai ukutani usipoteze muda nazo. Nenda Kibuye Jumapili, tafuta blanketi nzito na mapazia ya mitumba, uyaning'inize nyuma ya mwimbaji na pembeni, yakiachana na ukuta kidogo. Mvua ya mchana ya Kisumu hakuna blanketi linaloizuia. Panga sauti za watu asubuhi, uhariri baada ya saa tisa.

Sasa nyatiti, ambayo hakuna video ya uhakiki itakufundisha. Ina nyuzi nane, na mpigaji hukaa chini kwenye kigoda. Kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete ya chuma anayogongea fremu, kwenye mguu kuna njuga, na juu ya yote anaimba. Ukiweka maikrofoni moja mbele ya nyuzi umerekodi robo ya mtu. Mimi naweka ya kwanza ikitazama ngozi ya ala kwa mshazari, ya pili chini ikitazama mguu, ya tatu mdomoni. Halafu nageuza fezi ya ile ya mguu, yaani napindua wimbi lake juu chini, nisikilize: upande ambao ngozi inasikika nene ndio wa kubaki nao. Mwombe apige kipande chake chenye vurugu kuliko vyote, kisha upange kiwango ili kilele kiishie karibu na desibeli -12, ukirekodi kwa biti 24. Usimfungie metronomu, ule mlio wa kuhesabu mwendo, masikioni bila kumuuliza. Wengi hupanda mwendo wimbo unapochemka, na wachezaji wanangoja hapohapo.

Kazi ngumu ni mpangilio wa nyuzi. Mpigaji hulinganisha ala na koo lake, wala hajali kwamba kinanda chako kimefungwa kwenye hezi 440, kipimo cha kawaida cha noti A. Kinanda ndicho kisogee. Semitoni moja, hatua kati ya kibonye na kinachofuata, ina senti 100. Tafuta noti ya nyumbani ya nyatiti, usogeze sauti zote za kompyuta senti zinazohitajika. Noti nyingine bado zitagombana, kwa hiyo usizitumie kwenye kodi za kinanda, yaani noti zinazopigwa pamoja, au tumia vinanda vinavyokubali kurekebisha noti moja moja. Na usimpitishe mwimbaji kwenye Auto-Tune, plagini ya kunyoosha sauti, iliyowekwa noti kumi na mbili za piano. Itamvuta mbali na nyuzi zake mwenyewe, na wazee watakuambia nyatiti imeharibika kumbe ni sauti.

Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, inataka uwafuate nje. Zile ngoma tatu ndani ya chumba cha futi kumi zinageuka radi. Beba dainamiki na laptopu iliyojaa chaji, tafuta uwanja ulio mbali na barabara.

Ukimaliza kumiksi, sikiliza kwa spika za simu na ndani ya matatu kama kila mtu anavyoshauri. Spotify husawazisha nyimbo karibu na LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti, hivyo kubana masta, yaani wimbo uliokamilika, mpaka ife hakukuongezei sauti huko. Lakini wateja wengi watataka pia Skiza, wimbo anaousikia anayekupigia simu, na simu ya kawaida hupitisha takribani hezi 300 hadi 3400 tu. Weka ikwalaiza ikate nje ya hapo, usikilize. Kama sekunde zile walizochagua ni besi na ngoma tupu, mpigie mteja achague kipande chenye kiitikio kabla hajapeleka faili.